Ujumbe Uliosubiri Ruhusa Yangu

Jumamosi. Mvua imepiga Kasese tangu saa saba, na milima sijaiona kwa siku tatu. Nimerudi kutoka Bwera nimelowa mpaka soksi. Nimefunga mlango wa duka ingawa wateja bado wanapita, nimewasha kompyuta, na ninataka kuandika kabla sijapata sababu ya kutoandika.

Wanaosoma blogu hii ni wachache, na wengi wao ni watu wa kundi letu. Ninaandika nikijua hivyo.

Kwa asiyenijua: naitwa Mbambu. Nina duka dogo la kuchapa na kutoa kopi karibu na soko la Kasese, Uganda. Mdogo wangu, Ithungu, alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao huku kwetu kila mtu anauita sikoseli. Alifariki akiwa na miaka kumi na tisa. Tulipomaliza matanga nilifungua kundi mtandaoni la wazazi na ndugu wa wagonjwa, nikaliita Ndugu wa Damu. Lilianza na mama wanne wa Kisinga. Sasa lina watu kutoka Bwesumbu mpaka Bwera, na wengine wako ng'ambo ya mpaka, Kongo. Ndiyo maana tunaandikiana kwa Kiswahili. Hakuna aliyezaliwa nacho kati yetu, kwa hiyo hakuna wa kumcheka mwenzake.

Kazi ya kundi ilikuwa moja kubwa kuliko zote. Mtoto akiishiwa damu, mzazi anaandika yuko wapi na mtoto ni kundi gani la damu. Aliye karibu na hospitali anakwenda kuuliza, anajibu: hapa ipo, hapa imeisha. Mwenye gari anasema niko njiani. Kila mama mpya tulimfundisha hilo kwanza: usitoke kabla ya kuuliza, usije ukamaliza nauli kufika mahali ambapo damu haipo.

Mwalimu wa somo hilo nilikuwa mimi.

Wiki tatu zilizopita kundi lilinipa kazi ya kutafuta jukwaa la kulipia, tuhame kutoka kwenye mtandao wa bure. Sababu inayojulikana na watu wote ni Kabugho.

Kabugho alikuwa na miaka saba. Mama yake, Masika, anaishi vilimani juu ya Bwera, analima kahawa na maharage, mume wake aliondoka zamani. Alasiri moja mtoto alipauka ghafla, macho yakawa ya manjano, pumzi ikawa fupi. Masika alimbeba mgongoni hadi kituo cha afya cha karibu. Kituo kile ni kidogo, hakiwekewi damu. Mhudumu alimwambia ampeleke upesi penye damu. Masika alikuwa na nauli ya safari moja. Simu haikuwa na salio, ilikuwa na bando kidogo tu ya mtandao. Akafanya kama alivyofundishwa. Akaandika kwenye kundi saa kumi jioni.

Akangoja.

Hakuna aliyejibu. Giza likaingia, mvua ikaanza, na njia ile ikilowa hakuna pikipiki inayoshuka. Asubuhi mvua ilipokatika alishuka bila jibu, akiwa amemfunga mtoto kifuani kwa kitenge. Kabugho alikufa juu ya pikipiki kabla hawajafika barabara ya lami.

Ujumbe ulionekana kwenye kundi saa nne asubuhi. Haji Swaibu, mfanyabiashara wa samaki ambaye kijana wake ana ugonjwa huohuo, alijibu hapohapo: "Damu iko Kisinga, jana na leo. Mimi iko Bwera na gari. Wewe iko wapi?" Wengine wakafuata. Majibu kumi, kumi na tano. Kisha mtu akagundua kwamba ujumbe uliandikwa jana yake. Na baada ya hapo ndugu wa Masika akaandika kwamba mtoto wanamzika kesho.

Siku ile watu waliulaani mtandao wa bure. Haji aliandika kwamba kitu cha bure kinakupa siku kinayotaka, si siku unayokitaka wewe. Wakakubaliana: tuchange, tulipie mahali petu, ambapo mama akiita anasikika. Mimi niliandika "Ninakubali."

Neno moja, na lilikuwa uongo.

Mtandao haukuchelewesha kitu. Miezi miwili kabla, wauza dawa za mizizi walikuwa wameingia kwenye kundi, wanawaahidi mama zetu kwamba mtoto atapona kabisa akinywa chupa tatu. Mtu mwingine alichukua picha ya mtoto wa Kisinga akaombea pesa nayo kwingine. Nilikasirika, nikabadilisha mpangilio: kila ujumbe mpya, mbali na majibu, upitie kwangu kwanza, niuone, niuruhusu. Niliwatangazia mara moja, katikati ya maneno mengine. Nadhani hakuna aliyesoma. Mambo yakatulia na watu wakanisifu kwa usafi wa kundi.

Alasiri ile ya Kabugho nilikuwa hapahapa, kwenye kiti hiki. Nilikuwa nikimsikiliza muuzaji wa jukwaa moja akinionyesha kwa video jinsi bidhaa yao inavyofanya kazi. Ndiyo, hata kabla ya kifo nilishaanza kuyatamani majukwaa ya kulipia. Nilitaka kundi letu liwe na sura nzuri, liwe na jina letu juu, labda wafadhili walione. Simu ilikuwa inalia kila dakika kwa mambo ya duka, nikazima arifa zote nimsikilize vizuri. Nikasahau kuziwasha. Nikafunga duka, nikapika, nikalala usingizi mzuri.

Asubuhi saa nne ndipo nilipofungua. Ujumbe wa Masika ulikuwa peke yake kwenye foleni, unasubiri ruhusa yangu. Niliuruhusu kabla sijausoma mpaka mwisho, kama mtu anayeficha kitu chini ya kitanda.

Kwa wiki tatu nimebeba hilo huku nikilinganisha majukwaa.

Ninataka kueleza na hayo pia, maana ndiyo kazi niliyotumwa, na niliifanya kwa bidii ya mtu anayetaka kufuta kosa kwa kazi. La kwanza lilikuwa zuri kuliko yote. Rangi, vyumba vya mazungumzo, kalenda, hata nafasi ya masomo. Lakini wanatoza kwa kila mwanachama, na nilijikuta, kabla hata hatujalipa, ninapitia majina nikijiuliza nani haandiki sana tumtoe. Niliona jina la mama mmoja wa Bwesumbu ambaye hajawahi kuandika neno. Mwaka jana nilikutana naye kliniki akaniambia anasoma kila kitu, ndivyo anavyojua afanye nini mtoto akianza kuumwa mifupa. Nikalifunga jukwaa lile.

La pili bei yake haibadiliki, muwe kumi au elfu. Ila kujiunga ni lazima uwe na barua pepe, na arifa zinakwenda huko. Ni mama gani wa shamba la Mubuku anayefungua barua pepe akiwa amesimama kwenye maji ya mpunga? Na mtu akitaka kuondoka, maandishi yote yanabaki kwao. Nilimwuliza muuzaji mara mbili, mara zote akanijibu kwa tabasamu.

La tatu halina uzuri wowote. Kurasa nyeupe, herufi nyeusi. Lakini unaingia kwa namba ya simu, linafunguka hata kwenye simu ndogo yenye mtandao dhaifu, na ujumbe ukiwekwa alama ya dharura unatumwa kwa kila mtu kama meseji ya kawaida, hata asiye na bando anaupata. Tukitaka kuhama tunaondoka na maandishi yetu yote. Bei ni ya katikati.

Nilijua siku ya kwanza kwamba ni hilo la tatu. Nilivuta wiki tatu kwa sababu nililikuta nalo lina kile kitufe: *ujumbe upitie kwa msimamizi kwanza*. Yote matatu yanacho. Hakuna pesa ambayo ingenunua mahali pasipo na mtu kama mimi mlangoni.

Leo kulikuwa na mkutano. Tulikutana Bwera, kwenye stoo ya Haji, katikati ya magunia ya chumvi na harufu ya samaki wakavu. Tulikuwa kama ishirini. Mama Kavira alivuka mpaka kutoka Kasindi asubuhi, ana watoto wawili wenye ugonjwa. Masika naye alikuja. Sikumtegemea. Alikaa karibu na mlango, kitenge kipya cheusi, mikono mapajani, na kila aliyeingia alimshika bega. Mimi nilimshika bega pia.

Nilieleza majukwaa yote matatu. Nilikuwa nimechapa karatasi, nikazigawa. Nilisema hilo la tatu ndilo letu, na watu wakaitikia kwa vichwa. Ndipo Mama Kavira akainua mkono, akaniita yaya, yaani dada, kama wasemavyo kwao.

"Yaya, miye niko na swali moja tu. Kwa ile mupya, mutu akiandika, inaenda mara moja? Ao inangoja mutu?"

Nikasema inategemea msimamizi.

"Admini si ni wewe?" Haji akasema, akacheka kidogo. "Basi hakuna maneno. Wewe tunajua. Kama admini ni Mbambu, mtoto yetu iko salama."

Watu walipiga makofi. Wananipenda, hilo ndilo lililonimaliza. Masika alipiga makofi pia, polepole, akinitazama.

Nilisema naomba dakika chache. Nikaenda mlangoni, nikamwinamia Masika, nikamwomba tutoke nje. Mvua ilikuwa inaanza kule Bwera, matone makubwa yaliyotawanyika. Tulisimama chini ya bati la stoo, malori ya kuelekea mpakani yakipita mbele yetu.

Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu kwenye basi. Yote yaliondoka. Nilimwambia tu kama nilivyoandika hapa: kwamba ujumbe wake ulifika saa kumi, kwamba ulisimama kwangu, kwamba nilikuwa nimezima simu kwa sababu ya video, kwamba mtandao haukukosea.

Hakulia. Aliangalia barabara.

"Uliona saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

"Saa nne nilikuwa nimeshamufunika uso."



"Nilikuwa naangalia ile simu," akasema. "Usiku yote. Nilisema labda leo watu iko na shughuli. Nilisema labda nimeandika vibaya, maana mimi sikusoma sana. Wiki tatu najiuliza niliandika vibaya wapi."

Hilo sikulijua. Katika hesabu zote nilizopiga za kosa langu, hilo halikuwemo. Nilidhani nimemnyima jibu tu. Kumbe nilikuwa nimemwacha aamini kwamba mwanawe alikufa kwa sababu mama hajui kuandika.

"Uliandika vizuri," nikamwambia. "Kila kitu kilikuwepo. Mahali, kundi la damu, kila kitu."

"Kulikuwa na damu?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini alishayasoma majibu ya Haji, alikuwa anajua. Alitaka niseme mimi.

"Kulikuwa nayo Kisinga. Na Haji alikuwa hapa Bwera na gari, tangu jioni ile."

Akafumba macho. Alipoyafungua alisema bila kupandisha sauti, "Rudi ndani uwaambie."

"Masika, nisa..."

"Usiniombe kitu sasa. Rudi ndani."

Nikarudi. Nilisimama mahali palepale niliposifiwa nikawaambia. Sikukaa chini na sikujitetea, ingawa ulimi ulinichezea mara moja nikataja wauza dawa za mizizi, na nikaona uso wa mzee mmoja wa Kisinga unabadilika, nikanyamaza. Maelezo ya kweli pia yanaweza kuwa kichaka cha kujificha.

Mzee yule wa Kisinga alikunja karatasi niliyompa, akaiweka juu ya gunia, akatoka bila kuaga. Mama wawili walimfuata. Haji alikuwa ameshika ndevu zake, anatazama sakafu.

"Mimi ilikuwa hapa," akasema. "Mahali hii. Nilikuwa nakunywa chai." Kisha akaniangalia, na sauti yake ikawa ya kuamrisha, sauti ambayo hajawahi kuitumia kwangu. "Toa neno ya siri. Sasa hivi. Andika kwa karatasi."

Niliandika. Nilikosea herufi, nikaandika tena. Nikasema niko tayari kutoka kwenye kundi kabisa kama wanataka. Haji akasema hiyo itakuwa rahisi sana kwangu. Mama Kavira akasema kitu kwa Kinande ambacho Haji, asiye wa kabila letu, hakukielewa, lakini mimi nilikielewa, maana Kinande chao na Lhukonzo chetu ni lugha moja. Alisema mtu aliyevunja chungu ndiye anayejua vipande viliangukia wapi.

Walijadiliana mbele yangu kama sipo. Jukwaa ni lile la tatu, hilo halikubadilika. Wasimamizi watakuwa watatu, kila mmoja na zamu yake, na kile kitufe kizimwe. Wauza dawa wakija watafutwa baadaye, lakini ujumbe wa mtu hausubiri tena. Haji atakuwa mmoja. Mama Kavira atakuwa wa pili, kwa upande wa Kongo. Wakaanza kutafuta wa tatu.

"Nitashika mimi," Masika akasema kutoka mlangoni.

Haji alimwambia kwa upole kwamba hakuna haja, dada, upumzike, bado uko na msiba.

"Mimi ndiyo najua kungoja," akasema. "Nitashika."

Hakuna aliyebishana naye.

Halafu akanigeukia, mara ya kwanza tangu turudi ndani. Alisema ujumbe wake uhamishwe kule kwenye jukwaa jipya, uwe wa kwanza kabisa, vilevile alivyouandika, nisirekebishe herufi hata moja. Na chini yake niandike nyakati mbili: saa alipouandika na saa nilipouruhusu. Na jina langu.

Nikasema ndiyo.

Nilipanda basi la kurudi Kasese peke yangu. Kwa kawaida Haji hunisindikiza mpaka kituoni, hununua hata mahindi ya kuchoma. Leo alibaki kwenye stoo. Njia nzima mvua ilipiga kioo, na nilipopita njia panda ya Kisinga niligeuza uso upande wa pili.

Sasa ni saa kumi na mbili jioni. Jukwaa limefunguliwa. Nimelijenga jinsi walivyotaka, ukurasa mweupe wenye jina la kundi juu. Nimeuhamisha ujumbe wa Masika. Nilitaka kunakili tu na kuondoka, lakini nilijilazimisha kuuchapa upya kwa mkono, neno kwa neno. *Mutoto yangu Kabugho amepauka sana tuko kituo ya juu hapa hakuna damu ni O niko na nauli ya mahali moja tu muniambie niende wapi.* Chini yake nimeweka nyakati zile mbili na jina langu lote. Kati ya hizo mbili kuna masaa kumi na nane. Nimekizima kile kitufe. Kisha nimejiondoa kwenye usimamizi, na jukwaa likaniuliza kama nina uhakika.

Simu imelia mara kadhaa. Wapo walioandika kwamba kila mtu hukosea, na wapo walioandika maneno ambayo sitayarudia hapa. Nimeyasoma yote. Wale wanaonifariji ndio wanaoniumiza zaidi, kwa sababu ninawaamini kwa dakika moja, kisha ninamwona mtu amekaa kwenye benchi ya kituo cha afya, ameshika simu, anasoma upya alichokiandika akitafuta kosa la herufi.

Sijamwomba Masika msamaha mpaka sasa. Alinikataza, na sina haki ya kuchagua siku.

Jumatatu asubuhi atashuka kutoka kilimani, apande gari mpaka hapa dukani nimfundishe kulitumia jukwaa. Ndivyo walivyoamua, kwamba mimi ndiye nifundishe, kwani ndani ya kundi hakuna mwingine anayejua. Kompyuta ni moja. Tutakaa bega kwa bega, saa mbili au tatu, mkono wangu ukielekeza mkono wake.

Nimesogeza meza, nimeweka kiti cha pili. Akifika mlangoni nitamsalimia kwa maneno gani?